Kuchora Mtu Kama Yuko Kwenye Tangazo la Mavazi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kabla hujagusa rangi, tafuta matangazo ya mavazi kama kumi hivi, ya barabarani au ya kwenye simu, ukae nayo na daftari. Yasome kifundi. Kwa kila tangazo andika mwanga unatokea wapi, kamera iko usawa gani wa mwili, picha imekatwa wapi, sehemu gani imeachwa wazi, modo anatazama wapi, na kuna rangi kubwa ngapi. Uzuri wa modo usiuandike, hautakusaidia kitu kwenye turubai.

Ukimaliza utaona mambo yanajirudia. Rangi kubwa ni mbili, zikizidi tatu, ukitoa ngozi. Kamera mara nyingi iko usawa wa kiuno, ndiyo maana modo anaonekana mrefu na kama anakutazama kutoka juu. Utosi au kiwiko kimekatwa bila aibu. Upande mmoja uko mtupu kwa sababu pale ndipo jina la kampuni litakaa. Mdomo umefungwa.

Haya ndiyo unayoyachukua: mwanga, ukataji, nafasi na pozi. Picha yenyewe iache. Kwanza ni mali ya mtu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na kunakili tangazo la mwenzako kisha ukaliuza kama kazi yako ni kujitafutia kesi. Pili, na kwangu hili ndilo kubwa, kwenye tangazo bidhaa ni koti, aliyelivaa amebebeshwa tu. Ndiyo maana wanamlainisha ngozi mpaka anabaki kama plastiki na wanampasi nguo mpaka haina hata kunjo moja. Wewe unachora mtu. Alama ya kovu kwenye nyusi, vidole vya mtu anayefanya kazi, kiwiko cha koti kilichochakaa, vyote hivyo virudishe.

Hatua ya 1: Mtu na nguo yake

Huku Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ambayo wenzetu wa pwani hawana: baridi. Watu wanavaa kwa matabaka. Dereva wa bodaboda wa Mbeya mwezi wa saba yuko ndani ya koti la ngozi, sweta, kofia ya sufu na glovu, na vyote kavichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Mwanjelwa au Sido. Mzee wa Kihehe akijifunga mgolole wake begani, huyo tayari ameshapiga pozi ambalo wapiga picha wa mitindo wanalipia. Mama muuza vitenge mchana kutwa amezungukwa na rangi.

Usimvishe mtu nguo ya kuazima. Mwambie tu, "Siku nitakayokuja, tupia ile unayoipenda." Nguo ya mwenyewe inamkaa mwilini, mabega yanajua uzito wake, na inaonekana. Mweleze mapema pia picha itaishia wapi: ukutani kwako, kwenye maonyesho au sokoni. Akiwa mtoto, mzungumze na mzazi kwanza.

Hatua ya 2: Mwanga

Hapa tulia, maana mwanga ukikosewa hakuna brashi itakayouokoa.

Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa Ulaya na vinasema tafuta dirisha la kaskazini. Kwao jua la mchana liko kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua na mwanga wake unatulia siku nzima. Sisi tuko upande wa pili wa ikweta. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini, na kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita kaskazini mwa utosi. Miezi hiyo dirisha lako ni la kusini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari mambo yanageuka, hamia la kaskazini. Iringa tofauti ni siku chache tu.

Huna dirisha zuri? Kibaraza kinatosha, au mlango wa duka. Mkalishe mtu ndani ya kivuli, hatua moja au mbili kutoka ukingo, uso ukielekea nje kwenye uwazi. Irving Penn, mmoja wa wapiga picha wa mitindo waliosifika sana Marekani, alisafiri na hema lake ili popote aendapo apate mwanga wa mchana aliouzoea. Kibaraza cha bati chenye ukuta upande mmoja kinafanya kazi ileile.

Sasa uchonge. Mwanga ukitoka juu kidogo na pembeni, karibu nyuzi 45 kutoka usoni, shavu la upande wa giza litapata pembetatu ndogo ya nuru chini ya jicho. Hiyo ni sura nzito, inafaa mgolole na koti la ngozi. Mwanga ukitoka mbele na juu, pua inaangusha kivuli kifupi kuelekea mdomo na mifupa ya mashavu inajitokeza. Matangazo ya vipodozi yanaupenda huo. Upande wa giza ukiwa umepauka, tundika kaniki karibu na shavu, nje ya picha. Kitambaa cheusi kinanyonya mwanga unaorudi kutoka ukutani na taya inachongoka hapo hapo. Giza likizidi, weka shuka jeupe badala yake.

Epuka jua la saa sita la wazi. Huku juu hewa ni nyepesi na jua ni kali kuliko baridi inavyokudanganya. Macho yanageuka mashimo na paji la uso linaungua kwenye picha.

Hatua ya 3: Kupiga picha ya kuchorea

Simu inatosha. Simama kama mita mbili na nusu kutoka kwa mtu, halafu tumia kuza (zoom) ya 2x. Ukimsogelea na lenzi ya kawaida pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma, na wewe utayachora hivyo hivyo bila kujua. Shusha simu hadi usawa wa kiuno au kifua. Gusa uso kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo kwa kidole, kwa sababu simu nyingi zikikutana na ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweusi huing'arisha kupita kiasi. Vichujio vya urembo vizime vyote.

Piga picha kubwa, halafu zile za ziada: mikono peke yake, sikio, kola, mahali ambapo nguo inagusa shingo, zipu. Piga na mbili tatu zenye mwanga zaidi ili uone kilichomo ndani ya vivuli.

Kuhusu pozi, maneno kama "kaa kimitindo" hayasaidii. Watu wetu wakiambiwa wasitabasamu wanakaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Mpe mtu hali ya kufikiria. Kuna mama mmoja muuza vitenge niliyemwomba afunge mdomo.

"Kwani nimekosa nini, mwanangu?"

"Hujakosa, mama. Nifikirie mimi ni mteja, nimekupa nusu ya bei."

Kidevu kilipanda chenyewe, jicho moja likajikunja, mkono ukashuka kiunoni. Pozi kama hilo hata modo wa kulipwa angelitafuta asubuhi nzima.

Kabla hamjaachana, chukua karatasi na upake madoa machache ya rangi ukiwa umemtazama yeye, sio simu: ngozi kwenye nuru, ngozi kwenye kivuli, nguo kwenye nuru, nguo kwenye kivuli. Dakika kumi tu. Simu inasema uongo kuhusu rangi nyekundu na zambarau hasa, na hayo madoa ndiyo yatakayokuwa shahidi wako nyumbani.

Hatua ya 4: Kukata

Kata kwa ujasiri, lakini usikate kwenye kiungo. Kifundo cha mkono, goti na kiwiko vikikatwa katikati mtu anaonekana kilema. Kata katikati ya paja au juu kidogo ya kiwiko. Kukata utosi kunaleta uso karibu. Acha upande mmoja wazi kama tangazo linavyoacha, ila usiandike kitu.

Usimrefushe miguu. Wachora mitindo hupima mwili kwa vichwa tisa au zaidi, wakati mtu wa kawaida ana saba hadi saba na nusu. Urefu utafute kwa kushusha kamera.

Picha ikate iwe na uwiano wa sentimita 20 kwa 28, uichapishe stesheneri kwenye karatasi ya A4, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 5: Turubai

Turubai za dukani ni ghali na huku hazipatikani kirahisi. Tengeneza. Mbao za paini za inchi moja kwa mbili zipo kila mahali, msitu wa Sao Hill uko Mufindi hapo. Chagua zilizokauka na zisizopinda, uzikate fremu ya sentimita 60 kwa 84. Pima kona kwa kona: mistari yote miwili ya mshazari iwe karibu sentimita 103. Isipolingana fremu imekaa upande, na mtu wako atasimama upande.

Kitambaa ni amerikani nzito. Ifue kwanza kwa maji ya moto ili irudi, ikauke, uipige pasi. Ivute juu ya fremu kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, acha ikauke, kisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa mara tatu, ukipiga msasa laini kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Ukipata rangi ya msingi ya wasanii, bora zaidi. Rangi ya mafuta ya milango usiitumie kama msingi wa akriliki, yaani rangi ya wasanii inayochanganywa na maji ambayo ndiyo tutakayotumia hapa, itabanduka.

Ukipenda ubao mgumu badala ya kitambaa, hakuna ubaya. Edward Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza na vipande vya ubao na rangi za kung'aa za baiskeli, na shule nzima ya uchoraji ikachukua jina lake.

Hatua ya 6: Kuhamisha mchoro

Chora miraba ya sentimita 2 kwenye picha iliyochapishwa na ya sentimita 6 kwenye turubai. Zote zitakuwa na miraba 10 kwa 14. Hamisha mraba kwa mraba, kwa penseli nyepesi. Anza na mistari mirefu ya nje, yaani bega, mshazari wa kola na ukingo wa nywele. Macho yaje mwisho. Wachora mabango ya saluni wamefanya hivi miaka nenda rudi, na sioni aibu yake hata kidogo.

Hatua ya 7: Giza na nuru bila rangi

Changanya amba ya kuchoma (kahawia nzito) na maji mengi. Tazama ile chapa ya nyeusi na nyeupe huku umefinya macho, na uigawe picha katika madaraja matano tu, kutoka jeupe hadi jeusi. Paka vivuli vyote kwa pamoja, cha uso, cha shingo na cha koti, bila kujali ni kitu gani. Picha za matangazo zinasomeka ukiwa ndani ya daladala kwa sababu umbo la giza na la nuru ni rahisi. Weka turubai mwisho wa chumba. Usipomtambua mtu wako kutoka huko, rekebisha sasa hivi.

Hatua ya 8: Ngozi

Funga kabisa chupa ya rangi nyeusi. Ngozi nyeusi ikichorwa kwa nyeusi na kahawia inakufa. Giza lako litoke kwenye sienna ya kuchoma (kahawia yenye wekundu) na bluu ya altramarini (bluu nzito): bluu ikizidi linakuwa baridi, sienna ikizidi linapata joto, na una uhuru wa kulisogeza kadiri uso unavyozunguka. Rangi ya katikati ni sienna, oka ya njano (njano ya udongo) na nyekundu kidogo sana. Hayo ni makopo manne, ongeza nyeupe ya titaniamu yawe matano. Zaidi ya hapo utachanganyikiwa.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni nuru. Wanachukua kahawia, wanaongeza nyeupe, na paji la uso linakuwa kama limepakwa chokaa. Mtazame mtu aliye kibarazani asubuhi ya Juni. Ule mng'ao kwenye paji la uso, juu ya pua na kwenye mfupa wa shavu ni anga inayoakisiwa, na anga ya huku wakati wa kiangazi ni bluu kweli kweli. Kwa hiyo nuru ya ngozi nyeusi changanya nyeupe, bluu kidogo, na tone la rangi ya katikati. Iweke ndogo, yenye ukingo mkali upande mmoja na laini upande wa pili. Ikikauka, akriliki inakuwa nyeusi zaidi ya ilivyokuwa mbichi, basi jaribu kwenye kipande cha karatasi kwanza.

Msimu nao una lake. Juni na Julai ngozi inapauka kwa ubaridi na ukavu. Aliyejipaka mafuta ana nuru kali na vivuli vya kina. Ambaye hakujipaka ana utando wa kijivu magotini, kwenye vifundo vya vidole na pembeni mwa mdomo. Matangazo yote yana mafuta. Mimi napenda kumwacha mtu alivyokuja. Huo ukijivu kwenye vidole, ukipakwa kwa brashi karibu kavu juu ya kahawia iliyokauka, unamweka mtu Makambako saa moja asubuhi kuliko mandhari yoyote utakayochora nyuma yake.

Angalia chini ya taya. Koti jekundu linarusha wekundu pale, kitenge cha njano kinarusha njano. Sikio likiwa kati yako na mwanga linawaka rangi ya chungwa. Weupe wa jicho si mweupe: ni kijivu chenye joto, na juu yake kuna kivuli cha kope. Kiganja kina rangi yake, usikisahau.

Kama hewa ni kavu na rangi inakauka kwenye sahani kabla hujaitumia, chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, tandika kitambaa kilicholoa maji, juu yake karatasi ya kuokea, na uchanganyie hapo. Inakaa siku kadhaa.

Hatua ya 9: Nguo

Kila kitambaa kina ukingo wake. Ngozi ya koti ina nuru kali, nyembamba, inayokatika ghafla. Sufu haina ukingo wowote; buruta brashi kavu. Jinzi mpya ni ngumu na inakunjika kwa pembe, ya mitumba imelegea na kupauka kwenye mishono.

Kitenge kinawashinda wengi kwa sababu wanachora maua kwanza. Chora mikunjo kwanza kwa rangi ya chini ya kitambaa, nuru na kivuli kamili, kama vile hakina ua hata moja. Ikikauka, ndipo maua yapande na kushuka na mikunjo, yakatike yanapoingia kwenye kunjo na kuanza tena mbele. Ndani ya kivuli rangi za maua zitiwe giza, na kwenye kivuli kizito ziache zipotee kabisa.

Zipu: usichore kila jino. Matano au sita kwenye nuru yanatosha, mengine ni mstari.

Hatua ya 10: Nyuma ya mtu

Una njia mbili ninazozipendekeza. Ya kwanza ni rangi moja tupu, bapa. Mmarekani Barkley Hendricks, aliyezaliwa mwaka 1945 na kufariki 2017, alichora watu weusi wa mtaani kwake na wa safari zake kwa kimo halisi, wamevaa wakapendeza, mara nyingi mbele ya rangi moja isiyo na kitu kingine. Rangi bapa inataka mikono mitatu na brashi pana, na uipake kabla hujamaliza kingo za mtu, ili nywele na sufu zipande juu yake. Ichague nje ya dirisha lako: kijani cha chai ya Tukuyu, wekundu wa udongo, au ule ukijivu wa mlima Loleza hapo Mbeya ukiwa umefunikwa na ukungu.

Ya pili ni kitambaa chenye maua. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948 na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani. Nguo ya maua mbele ya kitambaa cha maua inaleta vurugu tamu, lakini uso lazima uwe ndiyo sehemu pekee iliyotulia. Punguza ukali wa rangi za nyuma kidogo, la sivyo zitammeza.

Milima, nyumba za nyasi na machweo viachie kalenda.

Kukausha na kusafirisha

Akriliki haishikani vizuri kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi, na usiku wa Julai Njombe au Makete unashuka zaidi ya hapo. Fanya kazi mchana, na usiku lete picha chumba chenye joto, mbali na moshi wa jiko la mkaa. Kuanzia Agosti vumbi ni adui mwingine. Picha mbichi iegemeze ukutani, uso ukielekea ukuta. Vanishi ya akriliki ingojee wiki mbili. Ukitumia rangi za mafuta, ngoja miezi sita.

Ikibidi kuipeleka Dar kwa basi, itoe kwenye fremu mchana wakati kuna joto, iviringishe rangi ikiwa upande wa nje, juu ya bomba la plastiki la inchi 4 au zaidi, ukiweka karatasi ya kuokea kati ya tabaka. Rangi ikiwa ndani inajikunja na kupasuka. Mbao funga kando, na mwambie kondakta uso kwa uso kwamba bomba hilo lisilaliwe na magunia ya viazi.